Mabuti ya Soli Moja

Mabuti yangu ya kwanza ya kuwindia niliyanunua Kigoma mjini, kwenye rundo la mitumba, na nikasafiri nayo kwenye boti yakiwa yananing'inia shingoni ili kila abiria ayaone. Yalikuwa meusi, mazito, yenye soli nene ya meno na chuma kwenye pua. Boti iliponishusha Kagunga niliyavaa palepale mchangani, nikaanza kupanda mlima kwenda kwetu, na kabla sijafika katikati nilikuwa natamani kuyatupa ziwani. Lakini mimi ni mtu wa kiburi, sifichi. Nilifika nayo nyumbani nikihema, nikamwambia mke wangu kwamba hivyo ndivyo viatu vya mwanaume.

Mke wangu aliyazunguka taratibu, mikono kiunoni.

"Bwana," akasema, "hivi umevaa viatu au umevaa nyumba?"

Nilinuna mpaka chakula cha jioni.

Kijiji chetu kiko juu, Kagunga iko chini. Katikati kuna mlima uliosimama wima, na Kagunga yenyewe ni ukanda mwembamba wa mchanga uliobanwa kati ya mlima huo na Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Gari halipandi kwetu. Bodaboda, ambazo siku hizi zimefika hata pasipotakiwa, mlima ule zimeushindwa. Kwa hiyo kila kitu kinabebwa na watu. Dagaa, chumvi, sabuni na bati vinapanda. Mihogo, ndizi na madumu ya mawese vinashuka. Hata kitanda chetu cha harusi kilipanda kwa njia hiyo, na bibi harusi mwenyewe akiwa ameshika pembe moja, kwa sababu hakuridhika na jinsi rafiki zangu walivyokuwa wanakibeba.

Huyo ndiye mke wangu. Alizaliwa Kagunga na wazazi waliotoka Burundi wakalowea, na tangu akiwa msichana kazi yake ilikuwa kupandisha dagaa kwa kichwa. Nilikuwa nimezoea kumwona akitokea kwenye kona ya mwisho ya njia na gunia kichwani, shingo imenyooka, anaongea na wenzake bila hata kuhema, na mimi nikidhani ni kipaji tu, mtu amezaliwa nacho. Sikuwahi kumtazama miguu. Sasa nilipokuwa nimenunua mabuti yangu ya maringo ndipo nilipoyaona yake vizuri kwa mara ya kwanza, yamekaa kwenye kibaraza pembeni ya yangu, na nikacheka.

Yalikuwa mabuti ya ngozi ya ng'ombe, yanayopanda juu ya kifundo na kufungwa kwa kamba. Huko juu hayakuwa na kasoro. Chini hakukuwa na kitu. Alikuwa ameyapeleka kwa fundi viatu mmoja wa Ujiji, akamwambia ang'oe soli yote, ang'oe kisigino, atoe kila kilicho kigumu, kisha aweke ngozi moja tu na chini yake kipande chembamba cha mpira wa tyubu ili yasiteleze. Fundi alimuuliza, "Mama, unataka viatu au unataka soksi?" Yeye akamjibu kwamba anataka miiba isiingie na mengine yote yaingie.

Nilimuuliza kwa nini basi asitembee peku kama mama yake. Akanieleza, kwa upole ambao sikustahili, kwamba ukishika njia baada ya watu kufyeka, visiki vya nyasi vinachoma, na upupu unawasha, na nyoka wapo. Kwa hiyo mguu ufunikwe. Ila nyayo lazima zijue zinakanyaga nini.

"Mzigo unabebwa na nyayo," akasema. "Kichwa ni mahali pa kuuweka tu."

Nikasema hayo ni mambo ya dagaa. Mimi nilikuwa mwindaji.

Uwindaji wenyewe nao niueleze, maana mtu asije akafikiri nilikuwa naua tembo. Nguruwe pori walikuwa wanatumaliza. Unalima muhogo mwaka mzima, unaamka asubuhi unakuta shamba limefukuliwa lote, na wao wameshalala porini wamevimbiwa. Kijiji kikaomba kibali kwa watu wa wanyamapori, kikapewa, na ukaanza msako. Tulikuwa tunachukua nyavu kuukuu za sangala kutoka kwa wavuvi wa Kagunga, zile zilizochoka kwa kazi ya ziwani, tunazitandaza kwenye kichaka, watu wa mikuki wanajificha nyuma yake, na kundi jingine linaingia na mbwa na madebe kuwafukuza nguruwe waje kwenye wavu.

Mimi niliomba kukaa kwenye wavu na mkuki wangu. Nikakaa mara moja tu. Mabuti yale, kila nikihamisha mguu, kijiti kinavunjika. Kila nikichuchumaa, ngozi inalia kwii. Nguruwe walikuja mpaka karibu, wakasimama, wakasikiliza, wakageuka.  Safari iliyofuata mkubwa wa msako aliniambia, "Wewe nenda kapige debe." Nikaenda kupiga debe, mtu mzima na ndevu zangu.

Kilichonivunja zaidi kilikuwa kubeba. Siku ile tulipata nguruwe dume, na kwa kuwa mimi ni mrefu nikapewa kutangulia na mti begani, mwenzangu nyuma, mnyama akining'inia katikati. Kwenye mteremko nilikanyaga jiwe ambalo macho yangu yaliliona limetulia. Halikuwa limetulia. Soli yangu nene haikuniambia chochote mpaka tulipokuwa wote watatu tumelala chini, na nguruwe akiwa juu yangu. Kifundo kikavimba. Watu walicheka wiki ile yote, na ambao hawakuwepo walicheka kuliko waliokuwepo.

Nikiwa bado nachechemea, mke wangu alishuka Kagunga, akapanda boti kwenda Kigoma, akafika Ujiji kwa yule fundi na mabuti yangu ndani ya mfuko. Hakuniuliza. Aliporudi akaniwekea mbele yangu vitu viwili vilaini, vimelegea, vimechunwa soli yote. Nilifoka. Nilimwambia ameharibu mali. Nilimwambia hata fundi wake ni mwizi wa soli. Akaniacha nikamaliza, kisha akasema, "Vaa kesho twende tukachukue dagaa."

Siku za mwanzo nilitaka kulia. Misuli ya nyuma ya mguu iliuma, nyayo ziliwaka, kila kokoto nililihisi. Nilikuwa nimezoea kutembea kwa kupigiza kisigino chini, na mabuti haya hayakusamehe hilo. Mke wangu alitembea nyuma yangu na gunia lake, akitazama miguu yangu, akinifundisha.

"Usiikanyage njia. Iulize kwanza. Weka mguu bila uzito, ikikujibu ndiyo uupeleke mwili."

"Na isipojibu?"

"Basi usiende, wewe. Kwani nani anakukimbiza?"

Kisha polepole kitu kikaanza kutokea ambacho mpaka leo sina maneno ya kutosha kukieleza. Nilianza kujua. Nilijua udongo uliokauka juu na kuloa ndani. Nilijua mzizi kabla ya kuuona, na nilijua jiwe lililokaa na jiwe linalojifanya limekaa. Njia niliyopita tangu utotoni ikawa ngeni kabisa, na ilikuwa imejaa mambo. Nilijisikia nimekuwa kipofu miaka yote hiyo na hakuna mtu aliyenionea huruma, ila mke wangu.

Asubuhi moja ya msako, baada ya mvua, niliingia kichakani peke yangu upande wa wavu. Nilikwenda bila kijiti kuvunjika, bila jani kulia, nikashangaa mwenyewe. Nikaweka mguu mahali palipolala majani, na kupitia ile ngozi moja nikahisi joto. Nilisimama. Nikaweka mguu wa pili, joto vilevile. Ardhi yote pembeni ilikuwa baridi ya umande, lakini pale palikuwa na joto la mwili, upana wa kitanda cha mtoto. Nguruwe alikuwa amelala pale muda huohuo, ameinuka tu. Nywele zilinisimama. Nikainua macho taratibu na nikamwona, nguruwe jike na wanawe, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake ikitoka, na hakujua kwamba nipo. Mkuki nilikuwa nao mkononi. Sikuurusha. Nilisimama kwenye joto lake mpaka alipojiondokea, na niliporudi kwa wenzangu niliwaambia sikuona kitu. Mihogo yangu ililiwa tena wiki hiyo na sikulalamika.

Nilimsimulia mke wangu peke yake. Alikuwa mjamzito wakati huo, mimba yetu ya kwanza, tayari ameacha kubeba magunia. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Sasa umevaa viatu."

Mtu mwingine ninayepaswa kumleta hapa ni mama mkwe wangu, aliyeishi kulekule Kagunga, nyumba ya bati karibu na wanapoanikia dagaa. Kwa desturi yao na yetu, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani moja kwa moja. Ni heshima. Wengine siku hizi wameilegeza, lakini yeye hakulegeza hata uzi mmoja. Nikifika kwake anageuza uso ukutani na kuwaambia kuku: "Kuku, mwambieni mkwe wangu maji ya kunawa yako tayari." Na mimi nikajifunza kuwajibu kuku: "Kuku, mwambieni mama shikamoo, na asante." Kuku wale walijua mambo yetu yote. Kwa miaka yote tangu nioe sikuwahi kusikia neno lake hata moja lililoelekezwa kwangu, na nilikuwa nimeshakubali kwamba nitakufa hivyo.

Uchungu wa mke wangu ulianza alfajiri, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Kulipopambazuka mkunga wetu wa kijijini alitoka nje akiwa anajifuta mikono, na niliuona uso wake kabla hajasema. Mtoto hasogei, akasema. Mama anaishiwa nguvu. Ateremshwe kituo cha afya Kagunga, tena sasa hivi, vinginevyo tutawapoteza wote wawili.

Kwetu mgonjwa hubebwa kwa ngobyi, kitanda kirefu cha kusuka kilichofungwa kwenye miti miwili. Ukipigwa ukelele wa ngobyi, kila mwanaume aliye karibu anaacha alichoshika na kuja. Walikuja. Wale waliocheka nilipoangukiwa na nguruwe walikuja wote, wengine wamevaa magambuti, wengine kandambili, wakabeba kwa zamu, wanne wanne, wakiimba na kupiga kelele njiani kama inavyopasa. Kelele hizo zina maana. Ngobyi ya mgonjwa huenda kwa sauti, ili watu wapishe njia na mgonjwa asikie hajaachwa. Ngobyi inayokwenda kimya ina maiti.

Mimi nilitembea nyuma na furushi la nguo za mtoto. Hiyo nayo ni desturi. Mume haingizi bega chini ya ngobyi ya mkewe. Husemwa kwamba mume humbeba mkewe siku moja tu, siku ya kumpeleka kaburini, na anayeianza kazi hiyo mapema anaiita siku ile. Nilikuwa naiamini? Sijui. Nilijua tu kwamba ilikuwa heri mikono yangu ishike nguo.

Tukafika pale tunapopaita Ngazi. Ni mahali njia inaposhuka kwenye mwamba mtupu, upande mmoja ukuta, upande mwingine hakuna kitu mpaka ziwani. Hapo hawapiti wanne. Hubeba wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa mbele lazima awe mrefu ili mgonjwa asiinamie chini. Mvua ilikuwa imeupaka mwamba utelezi. Kijana mwenye nguvu kuliko sote akatangulia na magambuti yake. Akapiga hatua chache, mguu ukamponyoka, akaanguka kwa magoti, ngobyi ikayumba kuelekea upande wa ziwa, na wote tukapiga yowe. Wakaishika. Wakamrudisha mke wangu juu, kwenye tambarare. Kijana yule alikaa chini, na wengine wakatazama viatu vyao.

Mke wangu alikuwa amefumba macho. Nikadhani hasikii. Kisha akasema, kwa sauti ndogo yenye hasira, "Mwekeni mume wangu mbele."

Wakageuka kunitazama.

"Ana viatu," akasema. "Na ni mrefu. Mnangoja nini?"

Mkubwa wa msako, mtu wa makamo na wa heshima, akamwambia taratibu, "Mama, haifai. Unajua haifai."

"Mnataka niangukie ziwani ili desturi yenu ibaki salama?"

 Mimi mwenyewe sikuweza kusogea. Ninasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu, na sikuuogopa mwamba. Niliogopa kuweka bega chini ya ile miti na kumzika kwa mkono wangu mwenyewe. Akafungua macho akanitafuta, akanipata.

"Njoo," akasema. "Mimi nitakuwa miguu yako."

Nikampa mtu furushi. Nikaingia mbele, jirani yangu mfupi, mtu ambaye hajawahi kuvaa kiatu mlimani, akaingia nyuma, na tukainua. Alilala kichwa upande wa nyuma, kwa hiyo alikuwa anautazama mgongo wangu na mimi sikuweza kumwona. Akawaambia wengine wote wanyamaze. Hakuna wimbo, hakuna kelele, hata kukohoa. Alitaka anisikie ninavyokanyaga, na mimi nimsikie yeye.

Tukashuka kimya.

Nimewahi kujaribu kuwasimulia watu saa ile, na wananiitikia kwa adabu tu. Nitajaribu tena. Niliweka mguu bila uzito, nikauliza, mwamba ukajibu baridi na ugumu, nikapeleka mwili. Mguu wa pili, utelezi wa kuvu. Nikauvuta pembeni mpaka nikapata ukingo mwembamba, nikaushika kwa vidole ndani ya ngozi. "Buhoro," alisema nyuma yangu, kwa lugha ya mama yake, polepole. "Buhoro." Alisikia kokoto likisagika chini ya mguu wangu akasema, "Hilo liache," na nilikuwa nimeshaliacha. Sikutazama chini hata mara moja. Nilikuwa naangalia mbele, ziwa lote limefunguka chini yangu, jeupe baada ya mvua, na milima ya Kongo ng'ambo, na sikuona chochote kati ya hivyo ila kwa kumbukumbu.

Uchungu ulipomjia alisema, "Simama," nikasimama, goti limekunjwa, uzito wote juu ya ngozi moja. Na hapo ndipo nilipopata kitu ambacho sikukiomba. Mwili wake ulikaza, miti ikakaza, na kule kukaza kukashuka begani mwangu, mgongoni, mapajani, mpaka kwenye nyayo, kukaingia kwenye mwamba. Niliuhisi uchungu wa mke wangu kwa miguu. Nilihisi unapanda, unafika juu, unaachia. Nilihisi hata, na hili sitegemei mtu aniamini, kishindo kidogo cha pembeni ambacho hakikuwa chake wala changu. Mtoto alikuwa anasogea. Nilitaka kupiga kelele na sikuthubutu.

"Twende," akasema.

Mwisho wa Ngazi kuna kijito ambapo wanawake huloweka muhogo. Walikuwepo pale, na wakainua macho, wakaona ngobyi inashuka bila sauti, wanaume nyuma wameinamisha vichwa wakiangalia wanapokanyaga, na mbele kabisa, chini ya mti, mume. Wangefikiri nini kingine? Wakaweka vikapu chini. Wakakaa njiani, wakajifunika kanga vichwani, na mmoja akaanza kulia kwa sauti. Wa chini yake wakadaka. Kilio kikashuka mlimani kutoka shamba hadi shamba, kwa kasi ambayo sisi na mzigo wetu tusingeifikia.

"Nani amekufa?" mke wangu akauliza.

 Jirani yangu nyuma akasema kwa woga, "Nadhani ni wewe, shemeji."

Akacheka. Katikati ya yote yale mwanamke huyu alicheka mpaka miti ikatikisika begani mwangu. Halafu kicheko kikakatika, na sauti yake ikabadilika. "Mama atasikia," akasema. "Yuko chini pale. Mana yanje, Mungu wangu, mama atasikia. Twendeni!"

Sasa wote tukapiga kelele. Tulipiga kelele kama wendawazimu, ni mzima, ni mzima, lakini chini walikuwa wanalia kwa nguvu na hakuna aliyesikia. Njia ilikuwa imepanuka, wangeweza kuingia wanne. Mkubwa wa msako alikuja akagusa mti wangu ili anipokee. Nikamwambia asinisogelee. Aliniacha, akaingia pembeni yangu, na tukaenda hivyo, karibu kukimbia, yeye kwa mabuti yake na mimi kwa ngozi yangu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mchangani mbele ya nyumba yake, miguu imenyooshwa, wanawake wamemzunguka. Walikuwa wameshamfunga kanga kiunoni kama mfiwa. Alituona tukitokeza. Aliona nani yuko mbele. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na sauti iliyotoka kwake sijaisikia kwa mtu mwingine.

"Mama!" mke wangu akapiga kelele kutoka nyuma yangu. "Mama, mimi hapa! Usinililie, nitakuonea aibu!"

Sijawahi kuona mwili wa mtu ukirudiwa na uhai vile. Alisimama bila kusaidiwa, akaja mbio kwenye mchanga, peku, akashika ukingo wa ngobyi na kutembea nao hadi mlangoni mwa kituo cha afya, akimpapasa bintiye mashavu, masikio, kichwa, asiamini. Wauguzi wakampokea. Mama mkwe akaingia naye, na mlango ukafungwa.

Mimi nilibaki nje kwenye ngazi ya saruji. Watu walinizunguka, kisha wakaniacha, maana sikuwa najibu. Niliyatazama mabuti yangu. Mpira wa tyubu ulikuwa umelika wote, na upande wa kulia hata ngozi ilikuwa imetoboka. Kidole gumba kilikuwa kinachungulia, kimechubuka, na sikuwa nimehisi. Nilijaribu kufungua kamba na vidole vikakataa. Kamba zilikuwa zimeloa na mikono yangu haikuwa tena na nguvu ya kitu chochote kidogo. Nikaacha. Nikakaa nasikiliza ule mlango.

Nilisikia sauti ya mtoto. Nilisubiri sauti ya pili, ya mama yake, na haikuja, na dunia yote ikakaa pale inaningojea. Kisha nikamsikia akimkaripia mtu kwamba maji ni ya moto mno.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akatoka. Niliinamisha kichwa upande mwingine kama ilivyo adabu, na nikatazama pembeni kuona kama kuna kuku. Hapakuwa na kuku.  Kisha nikaona magoti yake yakishuka mbele yangu, na mikono yake, yenye harufu ya dagaa na sabuni, ikashika kamba za buti langu, ikaanza kuzifungua. Nilitaka kumzuia. Alinipiga mkono kidogo. Akavua la kwanza, akavua la pili, akaingiza mkono ndani, kidole chake kikatokea upande wa pili kwenye lile tundu, akakitazama.

Halafu akainua uso, akanitazama machoni.

"Mwanangu," akaniambia, mimi, "inuka uingie. Wanakungoja."

Nikaingia peku.